Muulize Shangazi: Ulemavu niuandike kwenye CV au nikae kimya?

Toleo lililopita nilisema nataka barua za ajira na ulemavu, nikajua zitakuja mbili tatu nijaze na za mambo ya mkopo. Kumbe watu mlikuwa mmejaa hadi shingoni. Nimechagua chache, nimezipunguza urefu, na majina ni ya kujipachika kama kawaida yetu.

Shikamoo shangazi. Nina miaka 27, nimesoma uhasibu na natumia kitimwendo tangu utotoni. Nikiandika kwenye CV kwamba nina ulemavu siitwi kabisa. Nisipoandika naitwa, ila nikifika mlangoni naona sura zinavyobadilika, na kuna sehemu usaili ulikuwa ghorofa ya pili, lifti hakuna, wakaniambia "si ungetuambia mapema" yaani kama nimewatapeli. Niandike au nisiandike? – Mhasibu wa Magurudumu

Marahaba mwanangu. Usiandike. Najua wapo watakaonipinga, wanasema kuficha ni kujionea aibu, lakini mi nimekaa upande wa pili wa ile meza miaka mingi, najua CV zinavyochujwa. Mtu ana rundo mbele yake, saa imeenda, na wakati ule hatafuti sababu ya kukubakiza, anatafuta sababu ya kukutoa ili rundo lipungue, sasa wewe ukimpa neno moja linalomtia wasiwasi anakuweka pembeni halafu hata baadaye ukimuuliza kwa nini hakumbuki. CV ni mahali pa kuonyesha umefunga vitabu vya nani, unajua mfumo gani wa mahesabu, umewahi kukaa na wakaguzi au bado. Miguu haihusiki kwenye mizania.

Ila kukaa kimya hadi mlangoni nako hapana, hapo unajiumiza mwenyewe. Muda wa kusema ni pale ukishaitwa, kabla ya siku yenyewe. Tuma kitu kifupi hivi:

"Asante kwa kunialika kwenye usaili. Natumia kitimwendo, hivyo naomba kujua kama chumba kiko chini au kuna lifti, na kama mlango unapitika. Kama haiwezekani naomba tutumie chumba kingine au tufanye kwa video muda uleule."

Umeona hakuna "samahani kwa usumbufu"? Hakuna historia ya hospitali, hakuna "ingawa nina ulemavu najitahidi sana". Unauliza mlango, basi. Na tuma kwa maandishi, barua pepe au meseji, usipige simu, maana siku wakigeuka ile meseji ndo itakusemea. Jibu lao pia litakuonyesha ni watu gani: anayejibu "tumehamisha chumba, karibu" na anayekaa kimya hadi siku inapita, huyo wa pili hata ungeajiriwa ungepambana naye kila wiki.

Sheria nazo zimegawana hivyohivyo, kwanza kazi halafu ndo mwili. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inamkataza mwajiri kuulizia afya yako kabla hajakupa ofa, labda anataka kujua utahitaji nini siku ya usaili, au ni jambo la msingi kabisa la kazi yenyewe. Marekani wana ADA, sheria yao ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, pale anaruhusiwa kuuliza "unaweza kufanya kazi hii na hii, na utaifanyaje", lakini "una ugonjwa gani" haruhusiwi, na vipimo vya daktari vinakuja baada ya ofa tena kwa wote wanaoingia kwenye kazi ya aina hiyo siyo wewe peke yako. Halafu kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 27, huo unakataza ubaguzi kuanzia kwenye tangazo hadi kupandishwa cheo, na nchi zaidi ya 180 zimeuridhia, kwa hiyo uwezekano ni mkubwa na kwenu upo. Kaangalie sheria ya nchi yako imeubeba vipi.

Kuna pahali ningekwambia andika. Tangazo likisema wazi kwamba nafasi zimetengwa kwa watu wenye ulemavu au wanahimizwa kuomba, weka mstari mmoja tu. Na kama umewahi kuwa mweka hazina wa chama cha watu wenye ulemavu hiyo ni kazi, iandike kwa herufi kubwa kabisa, ulishika hela za watu.

Zile sura zinazobadilika sasa. Watakaa mbele yako wanajiuliza maswali ambayo wanaogopa kuyauliza, na mtu akikosa jibu anajaza mwenyewe na anajaza vibaya. Wewe watangulie. Dakika za mwanzo sema, "Kazi hii ina kwenda stoo kuhesabu mali. Kazi yangu iliyopita nilikuwa nahesabu rafu za chini mwenyewe, za juu anasoma mwenzangu mimi nahakiki kwenye mfumo." Umemaliza. Warudishe kwenye hesabu.

Na wale mnaonitumia meseji kuhusu kifafa, sukari, sonona na mengine yasiyoonekana kwa macho: kwenu ni hivyohivyo ila mna uhuru zaidi, kama hauhitaji chochote kibadilishwe na hakuna hatari kwako wala kwa wengine huna deni la kumsimulia mtu. Kazi ya kuendesha gari au kupanda juu na una kifafa, hiyo ni habari nyingine, ongea na daktari wako kwanza.

Shangazi habari. Mimi ni kiziwi, nasoma na kuandika vizuri tu. Nimetumiwa linki ya usaili wa video, hakuna mtu upande wa pili, maswali yanasomwa kwa sauti, unajibu kwenye kamera halafu mashine inakupa alama. Nikaandika barua pepe kuomba msaada, nikajibiwa na mashine nyingine kwamba muda wangu unaisha baada ya siku mbili. – Nimenyamazishwa

Nzuri mdogo wangu, ila barua yako imenipandisha presha.

Hizi mashine za kusaili zimeingia kwa kasi kwa sababu zinamwokolea HR, yaani mtu wa rasilimali watu, muda, na zimefundishwa kwa sauti na sura za watu wengi, maana yake watu wanaosikia. Sasa mtu anayetumia lugha ya alama uso wake ni sehemu ya sentensi. Lugha nyingi za alama ukiinua nyusi ndo umeshaweka alama ya kuuliza hapo. Mashine inayosoma sura itasema huyu ameshtuka, huyu ana hasira. Na ukijibu kwa sauti yako mwenyewe, programu nyingi za kugeuza sauti kuwa maandishi zinakosea sana kwenye matamshi ya viziwi, kwa hiyo jibu zuri linafika kule limekuwa uji. Kampuni ya HireVue, moja ya hizi kubwa za usaili wa video, ilitangaza Januari 2021 kwamba imeacha kuchambua sura za watu baada ya kulalamikiwa sana. Umoja wa Ulaya nao kwenye sheria yao ya akili mnemba ya 2024 wameiweka mifumo ya kuajiri kwenye kundi la hatari kubwa, na tangu Februari 2025 mwajiri wa kule haruhusiwi kutumia mashine kusoma hisia za mtu kazini, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Kwa hiyo usidhani ni wewe mwenye kasoro, wenye mashine wenyewe wamerudi nyuma.

Leo hii fanya hivi. Tafuta binadamu. Jina la afisa ajira liko kwenye tangazo au LinkedIn, namba ya ofisi iko kwenye tovuti yao, mwombe mtu akupigie kama huwezi kutumia simu. Sema mambo manne kwa mpigo: mimi ni kiziwi, njia hii hainifai, naomba maswali kwa maandishi au usaili wa moja kwa moja nikiwa na mkalimani, na muda usimame hadi mnijibu. Hilo la muda usilisahau, wengi wanaomba vizuri halafu saa inaisha wakati wanasubiri.

Ukipata mkalimani, mtumie tangazo la kazi na CV yako siku kabla, maneno ya fani yako pengine hajawahi kuyatafsiri na asikwame pale. Muulize mwajiri mapema nani analipa, sehemu zenye sheria ya kurekebisha mazingira ya kazi mzigo huo kwa kawaida ni wa mwajiri. Mkalimani akae upande wa msaili ili uwaone wote wawili bila kugeuza shingo. Halafu kuna ile tabia, utaona, mtu anamwangalia mkalimani anasema "mwambie atueleze uzoefu wake". Mwambie! Wewe upo pale. Waambie mwanzoni kabisa kwa upole, "naomba mniongeleshe mimi na mniangalie mimi, yeye atafanya kazi yake," wengi wanajirekebisha na wanaona aibu kidogo, ni sawa tu waone.

Ukiwa kwenye kikao cha mtandaoni washa manukuu ya moja kwa moja, yale maandishi yanayotokea kwenye skrini mtu anapoongea, lakini usiyaamini kwenye namba na majina. Kwa Kiswahili bado yanateleza kuliko Kiingereza. "Sabini" inakuja "saba" na mshahara ukakubali bila kujua. Omba kila namba iandikwe pale pa kutumiana meseji ndani ya kikao.

Dada, nisitajwe tafadhali. Niko HR kwenye kampuni ya watu kama 40. Bosi anasema tukiajiri walemavu tutaingia gharama ya lifti na mavifaa, halafu eti hawa watu wenyewe hawaombi kazi kwetu, na kweli sijawahi kuona maombi yao. Nafanyaje? – Katikati

Tuanze na hilo la hawaombi, maana hapo ndo pana mambo.

Chukua tangazo lenu la mwisho. Soma pole pole. Nina hakika karibu asilimia mia kuna mstari unasema "awe na afya njema ya mwili na akili". Nani aliuandika? Hamna anayejua, ulikuwepo kwenye tangazo la zamani mkanakili. Mtu mwenye ulemavu akifika hapo anafunga ukurasa, ameshajibiwa. Halafu shuka chini, "awe na leseni ya udereva", kazi yenyewe ni ya kukaa kwenye kompyuta kutwa nzima. Kisa ni kwamba mara moja moja kuna bahasha ya kupeleka mahali. Mmemtoa asiyeona, mmemtoa mwenye kifafa, kwa ajili ya bahasha.

Sasa fomu yenu ya mtandaoni. Weka mausi pembeni, igeuze kabisa isikushawishi, jaribu kujaza fomu kwa kibodi peke yake, unahama kwa kitufe cha Tab, hadi kutuma. Ukikwama kwenye kalenda ya tarehe ya kuzaliwa, au pale pa kupandisha cheti, ujue asiyeona alikwama palepale maana programu za kusoma skrini zinatembea kwa kibodi. Ukitaka kuumia zaidi pakua mojawapo ya programu hizo inaitwa NVDA, ni bure, imetengenezwa Australia tangu 2006 na watu wenyewe wasioona, zima mwanga wa skrini halafu sikiliza tovuti yenu. Utasikia "batani. batani. picha. batani." Hapo fundi wenu hajaweka majina kwenye vitufe, kwa hiyo "Tuma maombi" na "Futa yote" vinasikika sawasawa. We bonyeza tu kwa imani. Na lile tangazo mnalolisambaza WhatsApp kama picha yenye rangi nzuri, kisoma skrini hakina uhakika wa kupata hata herufi moja humo, bandika na maandishi ya kawaida chini yake, ni dakika moja.

Kwa hiyo wanaomba, au walijaribu. Hamjawaona kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na aliyeufunga yuko ndani anashangaa mbona hakuna wageni.

Gharama. Marekani kuna huduma inaitwa Job Accommodation Network, imekuwa ikiwauliza waajiri kwa miaka, na kama nusu ya wanaojibu wanasema marekebisho waliyofanya hayakugharimu chochote. Waliobaki wengi ni dola mia kadhaa kwa mara moja. Kwa sababu kinachoombwa mara nyingi ni kitu kama kuingia saa nne badala ya mbili kwa ajili ya dawa, meza isogezwe karibu na mlango, maelekezo yaandikwe badala ya kusemwa koridoni, kengele ya moto iwe na taa. Sitakudanganya, lifti kwenye jengo la kupanga ni pesa, hapo bosi wako yuko sahihi. Lakini kabla ya lifti, kuna chumba chini? Kile kikubwa cha mikutano kinachokaa tupu? Usianze hesabu na kitu cha bei ya juu kuliko vyote halafu ukasema watu ni ghali.

Na mkumbushe bosi kwamba kuna nchi hili si suala la huruma yake. Tanzania, sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi asilimia 3 yao wawe wenye ulemavu. Ujerumani ni asilimia 5, nao wanaanzia 20, usipofikisha unalipa tozo inayohesabiwa kwa mwezi kwa kila nafasi iliyobaki wazi. Ufaransa asilimia 6. Japani walipanda hadi 2.5 Aprili 2024. Kwa watu 40, ile ya Tanzania ni mtu mmoja na kipande, sasa ndugu zangu, mtu mmoja kweli anawatoa jasho hivi?

Naruhusiwa kumsukuma mwenzangu mwenye kitimwendo nikiona anapanda mwinuko kwa shida? Sitaki kuonekana nina roho mbaya. – Jirani wa Dawati

Uliza kwanza. Akisema hapana ni hapana, usimwambie "aah usijali". Kile kiti ni sehemu ya mwili wake, na ukikishika ghafla kwa nyuma unaweza kumwangusha.

Shangazi, nimeajiriwa kupitia nafasi zile za asilimia. Mshahara unakuja, lakini kazi sipewi. Nakaa. Wenzangu wanaita "nafasi ya huruma". Naona aibu hata kusema. – Kiti Kina Mtu

Pole sana mwanangu, na hili limezagaa kuliko watu wanavyokiri. Kampuni inahitaji jina lako kwenye ripoti, ikishalipata imemaliza haja. Asilimia inakuingiza ndani ya jengo, haimlazimishi meneja akupe faili.

Mwandikie msimamizi wako, omba malengo ya miezi mitatu kwa maandishi na upimwe kwa fomu ileile wanayopimwa wenzako. Na usiandike "naomba nisaidiwe kazi", andika "naweza kuchukua ripoti ya kila wiki kuanzia Jumatatu". Taja kazi yenyewe, mtu mvivu wa kufikiri ukimletea kazi iliyoiva anakubali. Nafasi ya juu ikitangazwa ndani omba, hata ukijua hutaipata, ili kwenye kumbukumbu zao uonekane unaomba. Hao wa huruma waache waongee, siku ripoti ikiwa imeandikwa na wewe itabidi waje kukuuliza namba.

Dada yangu, nilipata ajali mgongo ukaharibika, siwezi kukaa kwenye gari muda mrefu. Nimekuwa nikifanyia kazi nyumbani na kazi inaenda vizuri, mabosi wanajua. Sasa limekuja tangazo wote tunarudi ofisini siku tano. Wenzangu wanasema nikiomba nibaki nyumbani nitaonekana najidekeza. – Mgongo

Pole kaka. Miaka na miaka watu wenye ulemavu walikuwa wakiomba kufanyia kazi nyumbani wanaambiwa haiwezekani, siri za kampuni, mfumo hauruhusu. Ilipofika 2020 na korona, ndani ya wiki chache ofisi nzima zikahamia nyumbani na mfumo ukaruhusu. Sasa wanataka kusahau. Wewe usiwaache.

Kosa ambalo wengi wanalifanya ni kwenda kuomba kama wenzao wanaopenda tu kulala dakika thelathini zaidi. Ukiomba kama upendeleo utanyimwa kama upendeleo. Yako ni marekebisho kwa sababu ya hali ya mwili, ni faili tofauti kabisa, kwa hiyo usijibu lile tangazo la jumla wala usibishane kwenye grupu la kazi. Andika barua yako peke yako, ambatanisha cheti cha daktari kinachosema unachoweza na usichoweza (dakika ngapi za kukaa kwenye gari, siyo stori nzima ya ajali), halafu orodhesha kazi zako moja moja na mbele ya kila moja andika kama inahitaji uwepo wako ofisini au la. Ukimaliza utakuta pengine ni kikao kimoja cha mwezi na kusaini karatasi kadhaa. Jitolee kuja kwa hizo, saa ambazo barabara ni nyeupe. Omba iwe majaribio ya miezi mitatu, bosi anaogopa neno "milele" kuliko anavyoogopa mgongo wako.

Nyumbani nako kuna ubaya wake, nisikupambe. Asiyeonekana anasahaulika siku ya kugawa vyeo, kwa hiyo kila Ijumaa tuma kwa bosi mistari mitano ya ulichomaliza, hata kama hajaomba. Na kwenye vikao washa kamera na uongee mapema, usisubiri hadi mwisho watu wanatafuta viatu.

Wakikataa waombe sababu kwa maandishi, nani kaamua na alitumia kigezo gani. Wakikuita kuzungumza usiende peke yako kama kuna chama cha wafanyakazi, nenda na mwakilishi, na mkitoka tu mtumie HR barua pepe ya "kama tulivyozungumza leo" ukiandika kila kilichosemwa mle ndani.